Tumbo likikataa sukari ya miwa

Dada yangu, umesema kila ukinywa chai ya sukari tumbo linajaa gesi na unaharisha, na sukari guru nayo vilevile. Haishangazi: guru ni miwa ileile, imebadili nguo tu. Jaribu glukosi ya unga ya duka la dawa. Utamu wake hafifu, lakini haihitaji kuvunjwavunjwa tumboni kama sukari ya mezani. Kwa uji, mimi huloweka tende laini usiku, asubuhi nazisaga na maji yake. Asali onja kijiko kidogo kwanza, maana ina fruktozi nyingi, ile sukari ya matunda, nayo huweza kuleta gesi. Stevia, ule unga mtamu wa majani ya mmea, tia chembe tu. Ikizidi, chai inakuwa chungu. Kama una kisukari, glukosi na tende usiziguse kabla ya kumwona daktari.