Fuvu si mfupa mmoja

Je, fuvu la kichwa ni mfupa mmoja? Hapana, si mmoja. Kwa mtu mzima ni mifupa 22: 8 inayouzunguka ubongo na 14 ya uso. Kati ya yote hiyo, unaojongea ni mmoja tu, taya la chini. Mingine imeshikana kwa maungio yasiyocheza, ndiyo maana kwa macho fuvu linaonekana kipande kimoja. Ukilishika fuvu halisi, lile tunalofundishia wanafunzi wa uuguzi, utaiona mistari iliyopindapinda kama mshono wa nguo. Hapo ndipo mfupa unapokutana na mwenzake.

Ukikuta kitabu kinasema 28, nacho hakijakosea: kimeongeza vile vifupa vidogo vya masikio, 3 kila upande.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni mtoto mchanga. Pale utosini panapodunda, mifupa bado haijakutana, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kichwa kujibana wakati wa kuzaliwa na ubongo kukua baadaye. Utosi wa nyuma hufunga mapema, kwenye miezi 2 au 3. Wa mbele huchukua muda, mara nyingi kati ya miezi 12 na 18, wengine hadi miaka 2.

Na tafadhali, mtoto akiharisha au kutapika na utosi ukabonyea, ni dalili ya kupungukiwa maji. Ukivimba ukawa mgumu hali ametulia, halii, hilo pia si la kusubiri kesho. Mpelekeni hospitali.