Kilichonishtua Muscat ni Kiswahili

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, ulipofika nchi ya watu kufanya kazi nini kilikushtua cha kwanza. Nilitaka nipite tu, maana najua majibu yatakuwa ya baridi na wazungu hawasalimiani. Mi sikwenda kwa wazungu. Nilikwenda Muscat, Oman, Julai 2016, dereva wa nyumbani, mtu wa Tanga huyu, Ngamiani.

Haya ya joto tuyamalize haraka. Mlango wa ndege ukifunguliwa ni kama umesimama nyuma ya injini ya basi. Bomba la maji baridi linatoa ya moto kwa sababu tangi liko juu ya paa linapigwa jua, kwa hiyo kiangazi unazima hita halafu unaogea bomba la moto ndo unapata maji ya vuguvugu, hilo nilifundishwa na mpishi wa Kerala nikiwa tayari nimeshaungua mgongo. Kofia yao ya kudarizi, ndugu kabisa wa hii yetu ya Ijumaa, ina jina ambalo mtu wa pwani halitamki mbele ya mama yake, siliandiki. Gari ikifika 120 inaanza kulia ting ting yenyewe. Usukani kushoto. Wiki mbili tu ushazoea.

Kilichonishtua mi ni Kiswahili. Ndio, pwani kila mtu ana jirani anayejidai ana mjomba Oman, lakini kuambiwa na kusikia kwa masikio yako ni mbalimbali.

Siku ya tatu nampeleka mama wa tajiri wangu kliniki ya sukari. Yuko kiti cha nyuma, buibui, kimya, nimemsalimia kwa Kiarabu changu cha madrasa akaitikia, basi. Foleni ya Al Khuwair haiendi. Simu ikaita, rafiki yangu wa nyumbani, anataka kujua maisha. Nikampa. Nikamwambia mwanangu hapa nimepakia gunia la mbata, kulipakia nusu saa, kulishusha nusu saa, na likishuka linataka lishikwe mkono. Jamaa akacheka mpaka akakohoa, nami nikaongeza chumvi, sijui likikohoa gari linayumba, upuuzi kama huo, kwa nafasi yangu kabisa, nani anaelewa? Tukafika. Nikazunguka mbio kufungua mlango kwa adabu zote. Bibi hakushuka. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili laini kuliko changu,

"Haya baba, lishushe gunia lako. Taratibu, mbata zisimwagike."

Miguu iliisha nguvu. Kitu pekee kilichonitoka mdomoni ni "Shikamoo Bibi", pale pale kwenye parking, jua la saa tano, imechelewa siku tatu. "Marahaba. Na mkono nishike kweli, goti la kulia ndo bovu."

Hakumwambia mwanawe. Kuanzia siku ile gari ikawa ya hadithi. Katoka Unguja 1964 baada ya Mapinduzi, akakaa Mombasa, kisha miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipokwisha shika nchi na kuwaita watu warudi, ndo wakaja Muscat. Kurudi, anasema, wakati hata kuzaliwa hakuzaliwa huku. Anasema skuli, anasema motokaa. Wajukuu Kiswahili chao ni "njoo" na "kula". Na kila siku ananiuliza habari za Darajani, za Mkunazini, mimi ambaye Unguja nimelala usiku mmoja tu maishani, tena msibani. Nikawa nadanganya. Bibi, Darajani watu wamejaa. Yule muuza kahawa wa Mkunazini je? Yupo Bibi. "Yupo! Miye msichana yeye alikuwa mzee." Tukanyamaza mpaka taa za barabarani. Kesho yake akauliza tena, na mimi nikajibu tena yupo.

Sasa hapa ndo pananiuma na ndo maana naandika. Ile shikamoo ya kila asubuhi mi niliihesabu ya mjukuu kwa bibi yake. Lakini nalala kichumba cha nyuma, nakula jikoni, pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo ya tajiri. Mshahara ulipokwama miezi miwili nikamwambia Bibi, kwa Kiswahili chetu, nikijua atasema neno kwa mwanawe. Akasema, "Hayo ya wanaume, baba, miye simo." Sauti ile ile ya mbata. Ingekuwa kwa Kiarabu ingenipita. Nilipoanza kuandika jibu hili nilitaka niseme wazi, ukienda kazi nenda usikojua hata neno moja, lugha yako isikupe undugu ambao haupo.

Ila nikiandika namkumbuka vizuri zaidi. Naye hakuwa na ufunguo wa geti. Akitaka kwenda Mutrah kununua halua anaomba, anasubiri mwanawe aamke. Labda kweli hakuwemo. Sijui, wengine mtasema namtetea.

Mdogo wangu kapata wakala wa Dubai na wakala wa Muscat, anauliza aende wapi. Nimemwambia Muscat. Ndio, pamoja na yote hayo. Zamani bila barua ya ruhusa ya kafili, yaani tajiri aliyekudhamini, ile NOC, huhami kazi, ndo iliyonirudisha mimi nyumbani 2019, imefutwa Januari 2021, angalau hapo pana nafuu. Lakini mkataba ausome kabla ya ndege, ajue analipwa na nani na tarehe ngapi, pasi akae nayo mwenyewe. Na akipigiwa simu akiwa amewapakia wenyewe, aongee Kibondei.