Usikubali fundi akutolee katalisti

Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Unasema gari imepoteza nguvu kwenye vilima vya njia ya Wete, na fundi anataka kuikata ekzosi aitoe katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi wa injini, kwa kuwa "haina kazi". Nakuomba usikubali.

Kazi inayo, tena kubwa. Ndani mna kigae chenye matundu kama sega la nyuki, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo, kaboni monoksidi, ile gesi inayoua kimyakimya, hugeuka kaboni dioksidi. Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani, alihangaika na jambo hili miaka ya 1950 kwa ajili ya moshi wa Los Angeles. Kilichomkwamisha ni risasi (metali ya lead, si ya bunduki) iliyotiwa kwenye petroli, maana huyafunika madini yale yasifanye kazi.

Sega haliharibiki bila sababu. Anza na plagi na koili, zinazowasha petroli ndani ya injini: silinda isiyochoma vizuri hutoa petroli mbichi, katalisti ikapata moto hata ikayeyuka. Tazama pia kama injini inakula oili. Halafu presha ya moshi ipimwe kwenye tundu la sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalisti. Ikiwa ndogo, ubovu uko kwingine. Ikiwa kubwa na katalisti imeziba kweli, nunua nyingine, usiweke bomba tupu. Watoto wetu wanapita vichochoroni, pua zao karibu sawa na ekzosi. Na ile kuukuu idai mwenyewe, madini yake ni ghali.