Slaidi Haitaki Nguvu: Kwa Anayeanza Gitaa la Resoneta

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia kwamba ana miezi miwili anajifunza gitaa la resoneta, lile lenye koni za chuma tumboni za kukuza sauti, na kila akitelezesha slaidi, yaani kibomba kifupi kinachovaliwa kidoleni kupitishwa juu ya nyuzi, husikia kelele kama za sufuria linalokwanguliwa ukoko. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa maana nami niliwahi kuumbuliwa mbele za watu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mpiga solo niliyemheshimu sana, aliyeligonga gitaa langu tumboni mara mbili akauliza linapika wali wa watu wangapi.

Gitaa hilo nililinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama Kigoma. Sisi tuliolelewa na rumba kutoka ng'ambo ya ziwa tunaliona kama kituko, ingawa lilibuniwa kwa sababu ya maana: mwaka 1927 huko Los Angeles, magitaa ya umeme yakiwa bado hayajaenea, John Dopyera alitengeneza gitaa lenye koni nyembamba za alumini ndani ili lisimezwe na tarumbeta za bendi. Koni hizo hukuza kila kitu, na kosa lako pia.

Mimi nilikosea kwa kukandamiza. Slaidi yangu ya kwanza, kipande cha bomba nilichokatiwa na fundi, niliibana mpaka ikagonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, tena niliiweka katikati ya freti mbili kama ninavyoweka kidole, na kila noti ikatoka chini ya sauti yake. Slaidi hugusa uzi tu, nayo hukaa juu ya chuma chenyewe cha freti. Ivae kidole cha mwisho, na vidole vinavyobaki nyuma yake vilale juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Huo ukoko unaousikia, mdogo wangu, ni nyuzi zinazolia upande ambao hukuziagiza.

Legeza uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa), wa tano na wa sita toni moja moja, yaani hatua ya freti mbili, upate D-G-D-G-B-D kuanzia uzi mnene. Zikiwa wazi, bila kuguswa na slaidi, zitakupa kodi (noti zinazolia pamoja) ya G, freti ya tano itakupa C, na ya saba D, nazo hizo zinatosha nyimbo nyingi sana. Nyuzi zikiwa nyembamba au zimelala karibu na shingo, slaidi itagonga tu.

Miezi ya katikati siisimulii, maana ilikuwa ya kurudia mambo yale yale. Mwezi uliopita nilipiga kwenye harusi Ujiji, na yule mpiga solo alikuwepo; hakunisalimia, nami sikumtafuta.

Lakini ninyi vijana mnataka harusi kabla ya uzi mmoja. Acheni haraka, shikeni polepole, wala msikandamize. Wewe wa Kasulu, nirekodie uzi wa kwanza peke yake, kutoka wazi hadi freti ya tano na kurudi, nyingine zote zikiwa kimya. Ukinitumia wimbo mzima sitausikiliza.