Upote Mkavu na Mchanga wa Pwani: Majibu kwa Walenga Shabaha wa Malindi

Barua za mwezi huu zote zinahusu upote wa upinde wa kampaundi, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha za mikono yake na kebo zinazopishana katikati. Nimezifupisha bila kubadili maana.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimenunua upinde uliokwisha kutumika, na aliyeniuzia aliniambia niupake upote nta "ukihitaji". Nitajuaje kwamba unahitaji? (Msomaji wa Shela, Malindi)

Jibu: Marahaba. Aliyekuuzia hakukosea, ila alikuachia sehemu ngumu. Vidole hugundua ukavu kabla ya macho, kwa hiyo pitisha upote kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kutoka juu hadi chini, kwenye zile sehemu ambazo hazikuzungushiwa uzi wa kinga. Upote ulioshiba nta huteleza taratibu na kuacha unyevunyevu mwembamba wa mafuta kidoleni. Upote mkavu hukwaruza, na ukiuelekeza dirishani utaona vijinywele vimesimama pembeni na nyuzi zimeanza kuachana. Kwa anayelenga mara kadhaa kwa wiki, wiki 2 au 3 zisipite bila ukaguzi huo.

Kabla ya kupaka, usafishe, kwa sababu hapa kwetu mchanga mwembamba huingia kila mahali, na nta mpya juu ya mchanga wa zamani huufungia ndani, ukabaki ukisaga nyuzi kila upote unapovutwa. Mimi hutumia uzi mwembamba ulio imara: huuzungusha mara moja kwenye upote, nikashika ncha zake mbili, kisha nikauteremsha polepole. Nta chafu hutoka mbele ya uzi ikiwa nyeusi kama masizi, na mtu anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa. Ukishafuta kwa kitambaa kikavu, pitisha kipande cha nta kidogo tu, halafu usugue kwa kipande cha ngozi laini au kwa vidole, haraka, mpaka uhisi joto. Joto hilo ndilo linaloifanya nta ilainike na kupenya katikati ya nyuzi badala ya kukaa juu kama samli iliyoganda. Ziada uifute.

Uzi wa kinga, ule uliozungushwa katikati pale mshale unaponasa na kwenye sehemu zinazopita magurudumuni, usiupake. Nta ikipenya chini yake huweza kuufanya uteleze na kuhama mahali pake. Kebo, kwa upande mwingine, zipake kama upote wenyewe. Wengi huzisahau kwa kuwa hazishikwi na mkono.

Swali: Wafugaji wa nyuki wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanatuuzia asali. Je, nta yao inafaa, au lazima niagize ile ya dukani? (Msomaji wa Gede)

Jibu: Inafaa, lakini si ikiwa peke yake. Nta tupu ya nyuki ni ngumu na inanata. Mshona tanga huipenda kwa sababu hiyohiyo, kwani uzi wake ukishapita kwenye tundu la turubai hautakiwi kusogea tena. Upote wa kampaundi husogea kila mara, na kitu kinachonata karibu na ufuo hukusanya mchanga. Nta zinazotengenezwa kwa ajili ya upote hulainishwa, na nyingi huwa na silikoni, ndiyo maana hupenya kwa urahisi. Ukikosa kabisa, nta ya nyuki iliyochujwa vizuri, kwa kiasi kidogo sana na kwa kusugua sana, ni bora kuliko upote mkavu. Usiilainishe kwa moto wa kiberiti ikiwa tayari iko juu ya upote: nyuzi za Dyneema, aina ya plastiki imara sana, ambazo ndizo nyingi siku hizi, huyeyuka kwenye joto la selsiasi 150 hivi, na mwali wa kiberiti umepita hapo mbali.

Swali: Upinde wangu ulirushiwa maji ya bahari tukiwa Mambrui. Upote umeharibika? (Msomaji wa Maweni)

Jibu: La. Dyneema hainywi maji. Ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, uuache ukauke kivulini, kisha uupake nta. Hofu yako iwe kwenye ekseli za magurudumu na skrubu, ambazo chumvi huzila kwa kutu usipozifuta siku hiyohiyo.

Swali: Mwalimu, kitundu cha kulengea kilicho kwenye upote wangu kimegeuka upande, na mishale imeanza kupotea. Upinde hukaa kwenye buti ya gari. (Msomaji wa Watamu)

Jibu: Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Upinde wa kawaida wa mti, mwenyewe huulegeza upote akishamaliza; wa kampaundi hukaa umekazwa mchana na usiku, na buti iliyofungwa kwenye jua la kaskazi ni kama tanuri. Dyneema ikipata joto huku imekazwa hurefuka kidogokidogo wala hairudi, na ndiyo maana watengenezaji wengi huichanganya na Vectran, aina nyingine ya nyuzi za kiwandani, ambayo hairefuki hivyo ingawa mwanga wa jua huidhoofisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha upinde garini kutoka adhuhuri hadi alasiri, na kwenye mita 50, umbali wa mashindano ya nje kwa upinde wa aina hii, sikuijua tena mishale yangu. Nta haitarekebisha hilo. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kubania mikono ya upinde ausokote upote upya na kulinganisha magurudumu.

Swali: Uzi mmoja wa upote umekatika. Niupake nta nyingi niendelee? (Msomaji wa Ngomeni)

Jibu: Usivute tena hata mara moja. Vijinywele hulainishwa kwa nta, lakini uzi mzima ukikatika, mzigo wake umehamia kwa wenzake, na upote ukikatika ukiwa umevutwa, mikono ya upinde huachia nguvu zake zote bila mshale wa kuzipokea, ikapasuka pengine mbele ya uso wako. Badilisha upote na kebo kwa pamoja, jambo ambalo hata bila uzi kukatika hufaa kufanywa kila baada ya miaka 2 au 3, na usijaribu kuuvua kwa bisibisi nyumbani.