Kwa nini watawala waliogopa watu kusoma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Je, watawala wa zamani walikosa tu uwezo wa kusomesha watu wote, au waliwanyima elimu makusudi? – Mwanafunzi, kidato cha tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mara nyingi walikusudia, tena wakaandika sheria. Mwaka 1740 koloni la South Carolina, Amerika, liliweka faini ya pauni 100 kwa atakayemfundisha mtumwa kuandika. Angalia, kuandika! Aliyejua kuandika angeweza kujitungia kibali cha kusafiri, akatoroka. Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyekuja kuwa mwandishi na mpinga utumwa maarufu, akiwa mtoto mtumwa mjini Baltimore, alianza kufundishwa herufi na bibi wa nyumba; mume akakataza. Mtoto akawa anawapa wavulana wa Kizungu mitaani mkate ili wamfundishe kusoma. Kisa hiki sikiachi kamwe darasani.

Ila kuna njia ninayoiona mbaya zaidi: kumpa mtu shule iliyopunguzwa makusudi. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953, Afrika Kusini, iliwatengea watoto Weusi mafunzo ya kuwaandaa kwa kazi za chini. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu waliowatawala, na polisi wakawapiga risasi. Wengi walikuwa na umri kama wako.