Cheti cha sekondari ukubwani Marekani: jibu kwa ndugu wa Tanga

Ndugu zetu wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni mnatuuliza jambo moja: aliyeishia kidato cha pili anaweza kupata diploma ya sekondari Marekani akiwa mtu mzima? Na itamsaidia kwenye bahati nasibu ya grinkadi?

Kwanza, diploma hiyo si stashahada ya chuo. Ni cheti cha kumaliza sekondari tu. Na kwenye bahati nasibu, cheti cha GED, yaani kile anachopata mtu mzima kwa kufanya mtihani badala ya kumaliza shule, hakikubaliki: wanataka sekondari iliyosomwa rasmi, au miaka 2 ya kazi ndani ya 5 iliyopita, tena kazi inayohitaji angalau miaka 2 ya mafunzo au uzoefu. Kwa hiyo ukiwa bado Tanga usitoe hela yako kwa GED ukitegemea viza.

Ukishafika huku Marekani, njia ipo, na hakuna aliyezeeka mno. GED ina masomo 4: hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo unafaulu kwa alama 145 kati ya 200, na si lazima uyamalize siku moja. Ukifeli moja unarudia hilo tu. Ukilifeli mara ya tatu, unasubiri siku 60. Ada hutegemea jimbo. Madarasa ya watu wazima mengi ni bure, ulizeni maktaba ya mtaani.

Hisabati inawatisha wengi, lakini fomula unapewa na kikokotoo kipo kwa sehemu kubwa ya maswali. Penye shida ni insha ya somo la lugha. Unapewa maandishi yanayopingana na dakika 45, useme hoja ya nani ina ushahidi wenye nguvu zaidi. Mtu anamwaga maoni yake mwenyewe, alama zinakwenda. Tena unachapa kwenye kibodi: aliyezoea dole gumba kwenye simu, muda unamwishia aya ya kwanza. Jifunzeni kuchapa mapema, tafadhali.

Anayekuuzia diploma ya wiki moja bila mtihani anakuuzia karatasi.

Mwenye cheti cha kidato cha nne asikimbilie GED. Kwanza akipeleke kitathminiwe, maana vipo vyuo vinavyokipokea. Njooni nacho kile halisi, msikiache kabatini.